Uzi: Mafunzo ya vitendo ya jenomiki ya seli moja moja, tuanzie kwenye kichupa cha damu (Moshi na Arusha)

#1 Dada wa Maabara

Wanajamvi, habari za majukumu.

Uzi huu nauweka kwa ajili ya watafiti, wateknolojia wa maabara na wanafunzi wa uzamili mlioko Moshi, Arusha na jirani. Maswali ya jenomiki ya seli moja moja yamekuwa mengi kwenye magrupu ya WhatsApp, na majibu mazuri yanapotea huko juu baada ya saa mbili. Mimi ni mteknolojia, niko Moshi, nasaidia kufundisha mafunzo haya.

Ninalotaka lieleweke nalisema mapema. Watu wanahangaikia mashine, wengine wanahangaikia kompyuta, lakini kazi hii inafia mapema zaidi, pale tunapotakiwa kupata seli hai, safi, zilizoachana, zilizohesabiwa sawasawa. Hapo ni mikono. Na karibu kila kinachohitajika kufundishia mikono hiyo tunacho tayari kwenye maabara zetu.

Kwa mgeni wa mada: njia iliyozoeleka ya kusoma RNA (nakala za jeni zinazofanya kazi ndani ya seli) inachukua mamilioni ya seli, inazipasua kwa pamoja na kukupa wastani. Ni kama kusimama barabarani nje ya soko la Mbuyuni, unasikia kelele za soko zima lakini hujui nani anauza ndizi na nani anadai deni lake. Njia ya seli moja moja inakuwezesha kumsikia kila mtu peke yake. Mwaka 2009 watafiti wakiwemo wa Cambridge walichapisha usomaji wa RNA zote kutoka seli moja ya kiinitete cha panya. Mwaka 2015 zikatoka makala mbili kwa mpigo kwenye jarida la Cell, zikionyesha jinsi ya kufungia maelfu ya seli kwenye matone madogo ya maji ndani ya mafuta. Mwaka uliofuata kampuni ya 10x Genomics ikaleta mashine ya Chromium, ambayo ndiyo wengi wetu tumeisikia.

Ndani ya tone mnakuwa na seli 1 na shanga 1 ya jeli. Shanga imebeba nyuzi fupi za DNA. Kwenye toleo la tatu la kemikali zao, herufi 16 ni barkodi (alama ya utambulisho) ya shanga hiyo, herufi 12 zinazofuata zinatambulisha kila molekuli, kisha kuna mkia wa herufi T unaodaka mkia wa A wa mRNA (RNA inayobeba maelekezo ya protini). Seli inapasuka ndani ya tone, na RNA zake zote zinavaa barkodi ile ile. Baadaye matone yanavunjwa, vyote vinachanganywa, vinakuzwa kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) na kusomwa. Kompyuta ndiyo inarudisha kila kipande kwa mwenyewe.

Sasa zingatieni hili: tone halichagui. Seli iliyokufa ikipasuka kabla ya kufika kwenye chipu (kibao chenye mifereji midogo inayotengeneza matone), RNA yake inamwagika kwenye bufa (kimiminika kilichobeba seli) na kuingia matoneni mwa wengine wote. Seli mbili zilizoshikana zitapewa barkodi moja na kuonekana kama aina mpya ya seli ambayo haipo duniani. Hakuna hatua ya mbele inayosafisha kabisa uchafu ulioingilia hapa.

Ndiyo maana nashauri mafunzo yaanze na damu, na kila mshiriki awe na kichupa chake. Msimamizi mmoja kufanya na wengine kumi kupiga picha kwa simu, hayo siyo mafunzo ya vitendo.

Ichukuliwe damu ya mtu mzima aliyeridhia, kwenye kichupa chenye heparini au EDTA ili isigande. Ibaki kwenye joto la chumba. Nimeona damu nyingi inaletwa kwenye boksi la barafu kwa nia njema kabisa, lakini kwa kutenganisha seli nyeupe hiyo ni hasara, na ikichelewa hadi kesho yake granulosaiti (aina ya seli nyeupe tusiyoitaka hapa) zinabadilika uzito na kujichanganya kwenye tabaka lako. Ichanganywe na PBS (maji ya chumvi ya maabara) nusu kwa nusu, imwagwe taratibu juu ya Ficoll (kimiminika kizito cha kutenganisha seli) yenye uzito wa 1.077, izungushwe kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvutano wa dunia, siyo gramu) dakika 30, breki imezimwa. Joto liwe nyuzi 18 hadi 20. Anayeijua Moshi ya Februari anajua kwamba chumba kisicho na kiyoyozi hakifiki huko, kwa hiyo sentrifuji iwekewe joto lake na Ficoll isiachwe dirishani.

Pale kati utaona wingu jeupe. Kulivuta wingu lile bila kuvuta Ficoll ya chini ndiyo ufundi wenyewe, na haufundishiki kwa slaidi. Osha mara mbili, ya pili kwa mwendo mdogo ili sahani za damu (chembe ndogo zinazogandisha damu) zibaki juu. Chuja kwa kichujio cha mikroni 40. Weka kwenye PBS yenye BSA (protini inayozuia seli kushikana) asilimia 0.04, kwenye barafu sasa. Pipeti iwe na tipu ya mdomo mpana, na mkono uwe mwepesi.

Kisha kuhesabu, na hapa ndipo ningependa mafunzo yakae muda mrefu kuliko kwingine kote. Changanya seli na trypan blue (rangi inayoingia seli zilizokufa tu) sawa kwa sawa, weka kwenye kioo cha Neubauer (kioo chenye miraba ya kuhesabia seli), hesabu miraba minne ya pembeni. Mfano: hai 180, zilizoingia rangi 10. Wastani wa mraba ni 45, mara 2 ya uchanganyaji, mara 10,000, unapata 900,000 kwa mililita, yaani 900 kwa mikrolita. Asilimia ya hai ni karibu 95. Hapo uko pazuri, maana kinachotakiwa ni 700 hadi 1,200 kwa mikrolita na uhai wa zaidi ya asilimia 90 ukiweza. Washiriki wawili wahesabu kichupa kimoja bila kuambiana. Wakitofautiana kwa robo nzima, warudie. Warudie tena.

Faida nyingine ya damu ni hii. Mililita 10 za mtu mzima mwenye afya zinatoa takribani seli milioni 10 za wingu lile jeupe, wakati mfereji mmoja wa chipu unahitaji kama elfu 16 tu kupata elfu 10 za kusomwa. Kwa hiyo mtoaji mmoja anatosha darasa zima kufanya mazoezi kuanzia kuosha hadi kuhesabu, bila kugusa hata shanga moja ya bei kali.

Na kwa nini tujisumbue sisi wa Kaskazini? Mwaka 2021 Nature Immunology ilichapisha utafiti wa watu 323 wenye afya kutoka huku huku Kilimanjaro, ukaonyesha kwamba wanaoishi mjini wana hali ya uvimbe wa kinga ya juu kuliko wa vijijini, na chakula na umetaboli (jinsi mwili unavyokitumia chakula) vinahusika. Mwaka 2025 Nature Medicine ikatoa jaribio la vijana wa kiume 77 wa ukanda huu, waliobadilishana chakula cha asili na cha kizungu kwa wiki mbili, na wengine wakanywa mbege (pombe ya asili ya ndizi) kwa wiki moja. Damu zao zilibadilika. Sasa swali linalofuata ni seli ipi hasa inabeba mabadiliko hayo. Swali hilo limezaliwa Kilimanjaro, na nataka mikono ya Kilimanjaro ndiyo ilijibu.

Karibuni kwa maswali na michango.

#2 Kijana wa Pasua

Dada, nondo nzito, nimeweka kambi hapa. Swali langu ni la uswahilini kabisa. Hii kazi ina hatua nyingi za joto maalumu. Umeme wetu unaujua. Ukikatika mashine ya PCR ikiwa katikati, ndiyo basi? Na hivi vitendanishi vya dola vinafikaje salama?

#3 Dada wa Maabara

Swali zuri sana mdogo wangu, na hili kwetu ni sehemu ya somo, siyo pembeni.

Hatua ambayo huwezi kuirudia ni ile ya kwanza baada ya matone kutengenezwa: nyuzi 53 kwa dakika 45, kisha 85 kwa dakika 5, RNA inageuzwa kuwa DNA ndani ya matone. Mashine hiyo ya PCR lazima iwe kwenye UPS (betri ya akiba) yake peke yake, iliyojaribiwa kwa kuchomoa waya ukutani mashine ikiwa inafanya kazi. Jenereta peke yake haitoshi, kwa sababu sekunde zile za kusubiri iwake zinaweza kuizima na kufuta programu. Hatua hiyo ikishapita unapumua: unaweza kuacha kwenye nyuzi 4 hadi saa 72, au kwenye -20 hadi wiki. Mafunzo yapangwe kwa kufuata vituo hivi vya kupumzika.

Shanga za jeli zinakaa kwenye -80 na hazipendi kuyeyuka na kuganda tena. Zikitua uwanja wa ndege wa KIA Ijumaa jioni bila mtu mwenye karatasi zote mkononi, mzigo unalala. Kanuni yangu ni rahisi: barua za mwaliko kwa washiriki zisitoke mpaka vitendanishi viko ndani ya friza letu na mtu amekagua rekodi ya joto la safari.

Lakini pia usifikiri ni Chromium au basi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha njia inayofanya seli yenyewe iwe chombo. Unazigandisha kwa kemikali (siyo kwa baridi, ni ili zisibadilike tena), unazigawa kwenye sahani ya visima 96, kila kisima kina barkodi yake, unazikusanya, unazichanganya, unazigawa tena. Raundi tatu zinakupa michanganyiko 884,736. Vifaa ni sahani, pipeti ya midomo mingi na mashine ya PCR ya kawaida. Hiyo kwetu ni neema kubwa, maana seli zilizogandishwa hivyo zinasubiri kwenye -80. Mgonjwa wa kifua kikuu akija hospitali ya Kibong'oto leo na mwingine baada ya mwezi, wote mnawafanya siku moja. Mwaka 2023 ikatoka nyingine kwenye Nature Biotechnology, matone yanatengenezwa kwa kutikisa kichupa kwenye votekisi (kitikisio cha kawaida cha maabara).

#4 Mchakata Data

Wakuu, nipingane kidogo kwa heshima. Niko Arusha, nafanya bayoinfomatiki. Data za seli moja moja za wazi zimejaa mtandaoni, mamilioni ya seli, bure. Kwa gharama ya chipu moja unaweza kuwapa vijana ishirini intaneti na kuwafundisha Seurat na Scanpy (programu za kuchambua data hizi), wakatoka na makala. Kuanzia mezani ni kuwafungia mlango wale ambao vyuo vyao havina hata sentrifuji yenye ubaridi. Kwa nini tusianze na kinachowezekana?

#5 Dada wa Maabara

Kaka, hoja ya mlango naikubali, tena imenigusa. Kijana asiye na sentrifuji asikose. Lakini ngoja nikupe upande wa pili.

Mwaka 2017 kuna watafiti walichapisha kwenye Nature Methods kuhusu seli shina za misuli ya panya. Waliona kundi la seli lenye jeni za FOS, JUN na zile za mshtuko wa joto zimewaka. Ukiangalia kwenye kompyuta unasema hilo ni kundi jipya. Walipofuatilia wakakuta ni kazi ya kutenganisha nyama kwa vimeng'enya, seli zimeshtuka ndani ya kichupa. Mtu aliyewahi kukaa na tishu kwenye nyuzi 37 akiisubiri iachane, akiona FOS na JUN anajua moja kwa moja wapi pa kuangalia. Aliyeanzia kwenye jedwali la hesabu za jeni hana pa kushikia.

Mfano wa damu: HBB (jeni ya hemoglobini) ikionekana kidogo kidogo kwenye kila kundi, hata kwenye seli B ambazo ni seli nyeupe, hiyo ni RNA ya hemoglobini iliyomwagika, chembe nyekundu hazikuoshwa vizuri. PPBP (jeni ya sahani za damu) ikishikamana na monosaiti (aina ya seli nyeupe), ni sahani za damu zilizogandamana nazo kwa sababu mwendo wa kuosha ulikuwa mkubwa. Yote haya mshiriki anayaelewa kwa undani akiwa ameyaona kwenye kioo chake mwenyewe, halafu akayakuta kwenye grafu.

Ninachotaka ni kompyuta ije baada ya meza, kwa watu wale wale, na ikiwezekana kwa damu ile ile.

#6 Mchakata Data

Nimekuelewa dada. Nakubali nusu, tena nusu kubwa. Nami niweke ya kwangu ili watu wa meza wasije wakadhani upande wetu ni kubonyeza tu.

Kwanza mashine. Programu ya Cell Ranger, inayogeuza usomaji wa Chromium kuwa jedwali, inataka kumbukumbu ya GB 64 kwa uchache. Laptop ya kawaida haiwezi. Hivyo usomaji mbichi upitishwe kwenye seva ya taasisi, au zitumike programu nyepesi kama STARsolo au alevin-fry, kisha mshiriki apewe jedwali. Kwa seli elfu 5 au 10, laptop ya GB 16 inatosha kabisa.

Pili, na hili naomba liandikwe ubaoni kabla ya mtu kuchukua damu: seli elfu 10 za mgonjwa 1 bado ni mgonjwa 1. Makala ya Nature Communications ya 2021 ilionyesha jinsi vipimo vinavyohesabu kila seli kama mtu anayejitegemea vinavyozalisha matokeo ya uongo kwa wingi. Watu wanakuja na mgonjwa mmoja na mzima mmoja, wanaomba thamani ya p (kipimo cha takwimu cha kama tofauti ni ya bahati tu). Hakuna p hapo. Jumlisha seli za kila mtu, linganisha watu na watu.

Tatu, kuna njia ya kupunguza gharama inayowafaa watu wa huku. Changanya seli zilizokwisha kuoshwa za watu wanne hadi wanane kwenye mfereji mmoja wa chipu, kisha watenganishe kwa tofauti zao za DNA zinazoonekana ndani ya RNA yenyewe. Njia hiyo ilichapishwa 2018. Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi za DNA kuliko watu wa mabara mengine, kwa hiyo kuna alama nyingi za kushika. Tena inakuonyesha matone mengi yenye seli mbili, maana tone likiwa na DNA za watu wawili linajisaliti. Kwa kemikali za toleo la tatu, makadirio ni karibu asilimia 0.8 kwa kila seli elfu moja unazopata, hivyo kwenye elfu 10 ni kama asilimia 8. Hiyo siyo ndogo.

#7 Mwanafunzi Machame

Shikamoo dada, na wengine wote shikamooni.

Nimesoma uzi wote mara mbili. Kinachoniumiza ni kwamba nafasi za mafunzo haya zikitangazwa, barua inakwenda kwa wakuu wa idara. Wanakwenda wao, wanarudi na begi na cheti. Sisi tunaoshika pipeti kila siku tunasikia tu. Mimi ni mteknolojia ngazi ya diploma, nimejiunga na shahada sasa hivi. Je, nina nafasi kweli kwenye mambo haya, au ni ya wenye PhD?

#8 Dada wa Maabara

Marahaba mdogo wangu. Nafasi unayo, na nitasema wazi zaidi: kwenye sehemu ya seli, wewe ndiye unayetakiwa kuliko yeyote.

Angalia tu. Nani ana mkono uliokwisha kupipeti maelfu ya mara? Nani amekaa na kioo cha Neubauer, anajua kutofautisha seli na vumbi bila kuuliza? Nani ataendelea kuwepo maabara mradi ukiisha na profesa akihamia mradi mwingine? Ujuzi huu unachakaa usipotumika. Ukimpa mtu ambaye atarudi ofisini kusaini barua, baada ya miezi sita haupo tena.

Kwa hiyo nawaomba wanaoandika maombi ya fedha, mko humu nawajua: andikeni nafasi kwa jozi. Mteknolojia 1 na mtafiti 1 kutoka taasisi moja, na sharti la maandishi kwamba wote wawili watafanya kila hatua kwa mikono yao. Mtafiti atajifunza kwa nini seli zilikufa, na mteknolojia atajifunza swali la utafiti ni nini. Tumewahi kuwa na darasa la namna hiyo na ubora wa seli ulipanda kadiri siku zilivyokwenda, kwa sababu wawili hao walikuwa wanaulizana usiku.

Wewe anza sasa. Omba ruhusa kwa msimamizi wako, fanya mazoezi ya kugandisha na kuyeyusha. DMSO (kemikali inayolinda seli zisiharibiwe na barafu) asilimia 10, ushuke nyuzi 1 kwa dakika hadi -80, kisha naitrojeni kimiminika. Kuyeyusha kwenye 37 haraka mpaka kibaki kipande kidogo cha barafu, halafu ongeza midia (kimiminika cha kulishia seli) ya vuguvugu tone kwa tone mwanzoni, ukitikisa polepole. Andika uhai kabla na baada. Ukiwa na daftari lenye namba hizo, hakuna kamati ya uteuzi itakayokupita kirahisi.

#9 Daktari wa Mifugo Tengeru

Hongereni sana. Naona mmeongea binadamu tu, ngoja nilete ng'ombe.

Sisi huku tatizo letu ni ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe. Kimelea chake, Theileria parva, anaingia kwenye limfosaiti (seli nyeupe) ya ng'ombe na kuifanya igawanyike kama seli ya saratani, na yeye anagawanyika humo humo. Jenomu yake ilichapishwa 2005. Wafugaji wa Arusha wanajua chanjo ya kuambukiza na kutibu (ndama anapewa kimelea pamoja na dawa), lakini kwa nini ndama mmoja anapona na mwingine anakufa bado tunapapasa. Nikifikiria kwamba seli yenye kimelea na jirani yake isiyo na kimelea zinaweza kusomwa kila moja peke yake, nakosa usingizi kwa furaha. Na sisi tayari tunachoma sindano kwenye tezi ya chini ya sikio kutafuta kimelea kwenye slaidi. Sampuli ile ile inaweza kutumika?

#10 Mchakata Data

Daktari, hii ni bonge la swali. Kwa upande wangu: tengeneza rejea moja yenye jenomu ya ng'ombe na ya Theileria kwa pamoja, kila kipande kitajipeleka kwa mwenyewe. mRNA za kimelea zina mkia wa A, kwa hiyo zitadakwa pia.

Tahadhari mbili zinazowaumiza watu wa mifugo. Hati (maagizo ya kompyuta) zinazofundishia mtandaoni zinapima seli zilizoharibika kwa kutafuta jeni za mitokondria kwa kiambishi cha MT- cha binadamu. Kwenye rejea za ng'ombe mara nyingi kiambishi hicho hakipo, jeni zimeandikwa ND1, COX1 na kadhalika. Hati itasema asilimia 0, wewe utafurahi kwamba seli zako ni safi, kumbe hakuna kilichopimwa. Pili, ndama wana seli T za gamma-delta (aina ya seli za kinga) nyingi mno kwenye damu, zenye alama ya WC1 ambayo binadamu hatuna. Programu za kutaja aina za seli zilizofundishwa kwa binadamu zitazipa jina la uongo. Hapo jicho la daktari wa mifugo ndilo linaamua.

#11 Dada wa Maabara

Daktari, sampuli ya sindano inawezekana, ila ni ndogo, kwa hiyo iingie moja kwa moja kwenye midia yenye seramu, siyo kwenye sindano kavu. Hesabu kwanza. Ukipata elfu 50 hai una kazi. Damu nyekundu ikiwa nyingi tumia bufa ya amonia kloridi kuzipasua, kwa muda mfupi, kisha osha.

#12 Mjumbe wa Maadili

Naomba niingie upande ambao huwa unakumbukwa mwishoni. Seli moja moja ikisoma RNA, vipande mbichi vina DNA ya mtu ndani yake. Kaka hapo juu ametueleza vizuri kwamba watu wanatenganishwa kwa hizo tofauti. Maana yake mtu anaweza kutambulika. Ridhaa ya zamani ya "damu kwa ajili ya utafiti" haitoshi. Mweleze mtoaji kwa Kiswahili chepesi kwamba taarifa zake za urithi zitasomwa na zitahifadhiwa wapi.

Hata damu ya mazoezi darasani inahitaji ridhaa na kibali. Usimchukue mwanafunzi wako damu huku wewe ndiye utakayemsahihisha mtihani; hawezi kukataa kwa uhuru. Sampuli zikitoka nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli upite NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kabla ya tiketi kukatwa. Na tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayofanya kazi, ambayo inahusu taarifa za afya na za urithi. Ukitoa data hadharani, jedwali la hesabu za jeni linaweza kuwa wazi, lakini vipande mbichi viwekwe kwenye hifadhi yenye kuomba ruhusa.

#13 Dada wa Maabara

Mzee wangu, asante. Hili la mwanafunzi na mwalimu wake nalibeba kama lilivyo. Tutatafuta watoaji nje ya darasa.

#14 Daktari wa Mifugo Tengeru

Dada, swali la mwisho nisiwachoshe. Nimeingia stoo leo, nina sentrifuji mbili. Moja ni ile ndogo ya rota iliyolala kwa pembe, nyingine kubwa yenye ndoo zinazoning'inia, lakini ina namba za mizunguko kwa dakika tu, haina g. Nianze na ipi?

#15 Dada wa Maabara

Ndoo zinazoning'inia, daktari. Rota ya pembe inalaza tabaka upande, ukisimamisha kichupa wingu lako linachanganyika.

Kwa mizunguko, pima kwa rula kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya kichupa ndoo ikiwa imenyooka kwa ubapa, siyo ikiwa inaning'inia. Tuseme umepata sentimita 17. Kanuni ni g = 0.00001118 × nusukipenyo (kwa sentimita) × mizunguko × mizunguko. Kwa 400 g unapata karibu 1,450 kwa dakika. Ukikuta 15, itakuwa kama 1,545. Hakikisha breki inazimika kabisa. Kama haina swichi ya breki, jaribu na maji ya rangi juu ya maji ya sukari uone kama mstari unabaki wakati inasimama. Pima, kisha weka namba zako hapa tuzikague pamoja kabla hujagusa damu ya ndama.